Mfuko wa Butiki na Mkebe wa Mafuta

Kama ulipanda ngazi za jengo lile la mwisho wa River Road asubuhi, mwaka wa 2004, ukamkuta Veronicah akipanda mbele yako, ulimpisha. Si kwa sababu ya viatu, maana viatu vyake vilikuwa vya mtumba kama vya kila mtu. Ulimpisha kwa sababu ya mfuko. Mfuko mweusi wa karatasi ngumu inayong'aa, wenye kamba nene za hariri, si mishikio ya plastiki kama ya sisi wengine tuliokosea Mungu. Ubavuni ulikuwa na maandishi ya dhahabu, jina la butiki moja ya Westlands ambako ukiuliza bei ya skafu wanakuletea kiti kwanza. Na Veronicah aliushika kwa vidole viwili tu, shingo imenyooka, kama mtu ambaye nyumbani ana mingine kumi na moja.

Ndani ya mfuko huo mlikuwa na githeri.

Githeri ya jana, tafadhali. Mahindi mengi, maharagwe ya kutafutana, hakuna kiazi, hakuna nyama, na kitunguu kimoja kilichopita hapo kwa haraka. Ilikaa ndani ya mkebe wa plastiki wa aiskrimu ya vanila, mkebe ukavalishwa karatasi ya mkate ili mchuzi usitoroke, halafu mdomo wa mfuko ukafungwa kwa utepe. Ndiyo, utepe. Mtu akiamua kuudanganya mji wa Nairobi lazima afanye kazi safi.

Mfuko na mkebe aliviletewa na binamu yake Phoebe, aliyekuwa akifua na kupiga deki katika nyumba moja ya Lavington. Mama mwenye nyumba ile alikuwa na ugonjwa wa kununua. Alinunua gauni, akalitundika, akasahau kama analo, na mfuko ukatupwa kwenye pipa ukiwa bado unanukia duka. Phoebe hakuweza kuivumilia dhambi hiyo. Akaokoa mifuko, akaokoa mikebe, chupa za jemu na makopo ya kahawa, na kila alipopata siku ya kupumzika alitua Kabiria kwa Veronicah na mzigo ambao ungedhani kuna supamaketi imefilisika. Watoto wa Lavington wakala aiskrimu, Veronicah akarithi chombo. Kila mtu alipata chake, na bado kuna watu wanalalamika ati nchi hii haigawani mali.

Chumba cha Kabiria alimoishi Veronicah na mwanawe Were hakikuwa na kitu kilichokaa ndani ya jina lake. Sukari ilikuwa kwenye mkebe wa majarini. Chumvi ilikuwa kwenye kopo la kahawa. Majani ya chai yalikaa kwenye mkebe wa maziwa ya watoto wachanga, na mtoto mchanga mwenyewe, Were, alikuwa sasa kidato cha pili, sauti imekuwa nzito, anaona haya kuchota chai mahali palipochorwa mtoto wa mashavu. Mgeni alikunywa maji kwa chupa ya jemu. Maji yalitoka kwenye mtungi uliokuwa zamani wa mafuta ya kupikia, na ukiyaonja vizuri ulijua ni mafuta gani. Vitabu vya Were vilivalishwa pakiti za unga, hivi kwamba mwalimu wa hesabu, kabla ya kusahihisha, alisoma kwanza kwamba daftari lina uzito wa kilo mbili.

Hapo hapakuwa na aibu yoyote. Nusu ya Kabiria iliishi hivyo, na ile nusu nyingine ilisema tu haiishi hivyo. Aibu ya Veronicah ilianzia mjini. Alikuwa ametoka Busia na cheti cha kupiga taipu na gauni moja la maana, na wiki yake ya kwanza kazini mtu mmoja alimtazama akila kwa karatasi ya nailoni, akacheka. Mtu huyo alishaacha kazi zamani, jina lake hata silikumbuki, lakini kicheko chake kilibaki kikipanda ngazi na Veronicah kila siku.

Kwa hiyo mfuko ulitunzwa kuliko mgonjwa. Jumapili baada ya kanisa aliunyoosha kwa pasi ya makaa, juu yake ametandika leso kuukuu. Sakafu ya mfuko ilikuwa imechoka, akaibandika upya kwa gundi na pakiti za unga, safu juu ya safu. Mvua ikinyesha aliuvua mfuko utukufu wake wote, akauingiza ndani ya juala la nailoni, akaukumbatia chini ya koti. Yeye alinyeshewa. Mfuko ulifika kazini mkavu, umependeza, na mwenye mfuko akipiga chafya hadi saa kumi.

Kazini kwenyewe palikuwa ni kwenye kampuni ndogo ya kuchapisha vitabu vya risiti na kadi za harusi. Mapokezini alikaa Jackie, msichana mwenye macho ya kupima bei. "Haki Vero, wewe unaishi!" alikuwa akisema kila asubuhi. "Yaani umeenda shopping tena? Si uniambie siri." Veronicah hakusema uongo hata siku moja. Alitabasamu tu, na tabasamu si uongo, muulize pasta yeyote. Saa saba ikifika, alijifungia katika stoo ya karatasi, akala amesimama katikati ya marundo, haraka haraka, kisha akatoka akichokoa meno kwa kijiti kana kwamba ameinuka kwenye meza yenye kitambaa cheupe. Jackie alipomuuliza mbona hamwoni akila, alijibu kwamba anapunguza mwili. Mwili gani, Mungu wangu! Ungempunguza Veronicah kidogo tu, ungebaki na mfuko peke yake.

Karani wa pili, mwenzake Veronicah, aliitwa Hannah, ingawa wote walimwita Mama Kihara kwa jina la kifungua mimba wake. Mama Kihara alikuja na chakula ndani ya mkebe wa bati wa mafuta ya kupikia, umebonyea upande mmoja, mshikio wa waya, maandishi yote yamefutika isipokuwa picha ya nusu chapati. Alikula hadharani mezani pake, akikwaruza chini kwa kijiko hadi meno ya watu wa chumba cha pili yakaingia ganzi. Ofisi nzima ilimhurumia. "Maskini Mama Kihara," walisema. Krismasi moja walichanga wakamnunulia hotipoti ya maua mekundu. Akashukuru sana, akaipeleka nyumbani, na Januari akarudi na mkebe wake. Hotipoti ilikuwa nzuri mno, alisema, haiwezi kuwekwa chakula.

Sasa sikiliza. Siku Veronicah alipohamia ile ploti ya nyumba za kupanga kule Kabiria, majirani walimwambia mwenye nyumba atapita jioni kumwona mpangaji mpya. Akapita. Alikuwa amevaa gambuti, ameshika debe la rangi alimootesha sukumawiki, na nyuma yake kulikuwa na safu mbili za nyumba za mawe, mabati mapya, zote zake, juu ya shamba aliloachiwa na babake. Alikuwa Mama Kihara. Wakatazamana pale mlangoni kama watu wawili waliofumaniana kwa mganga.

"Kumbe ni wewe," akasema Mama Kihara.

"Ni mimi, Mama Kihara."

Mwenye ploti akachungulia ndani, akaona mikebe ya majarini imepangwa ukutani kwa ukubwa. Akatikisa kichwa kwa heshima ya kweli. "Ya ofisi iko ofisini," akasema. "Ya ploti iko kwa ploti." Na tangu siku hiyo hakuna aliyefungua mdomo. Usifikiri Mama Kihara alikuwa anaficha mali. Kwake yeye ploti ilikuwa ploti, mkebe ulikuwa mkebe, na mkebe ulikuwa haujatoboka, sasa angeutupa kwa nini? Kama watu waliutazama wakaona umaskini, hayo yalikuwa macho yao.

Wakaishi hivyo kwa amani. Halafu Bwana Ndegwa, mwenye kampuni, akanunua kompyuta.

Habari zikatoka upesi kwamba makarani wawili wamekuwa wengi. Veronicah aliposikia, moyo ulimwenda mbio, lakini akajituliza. Yeye ndiye aliyekuwa amejifunza kompyuta, kwa jioni zake mwenyewe, katika kichuo kimoja cha Ngara ambako wanafunzi wanne walishiriki kibodi moja. Mama Kihara aliigusa kompyuta kama anagusa jiko lenye moto. Mbio za vidole, Veronicah. Barua bila makosa, Veronicah. Alihitaji kazi ile kuliko pumzi, maana bila mshahara ule Were angetoka shuleni kabla ya muhula kuisha, na wapi tena mwanamke wa umri wake angeanza kuomba kazi? Akajiambia wataangalia kazi. Ona sasa. Mtu mzima, mwenye akili timamu, anaamini wataangalia kazi.

Alikuwa ndiyo kwanza ameshika mfuko wake kuelekea stoo saa ya chakula, Bwana Ndegwa akamwita.

Bwana Ndegwa alikuwa mzee wa kanisa na mtu wa huruma. Siongezi chumvi, alikuwa na huruma nyingi, tatizo ni kwamba huruma yenyewe haikuona mbali. Juu ya meza yake palikuwa na barua imekunjwa vizuri.

"Keti, Veronicah. Hii jambo nimeiombea wiki mzima."

Veronicah akakaa, mfuko magotini.

"Kikazi, wewe uko mbele, siwezi kukudanganya," akasema. "Lakini kazi si kila kitu. Lazima pia tukumbuke utu."

Mwajiri akitaja utu, jua kuna mtu anaenda nyumbani, na jua si yeye.

"Wewe una watu nyuma yako," akaendelea Bwana Ndegwa kwa upole. "Sisi hatuulizi ni nani, hiyo ni maisha yako. Utapata kazi nyingine, ama hata hutaihitaji. Lakini Mama Kihara! Miaka yote hiyo mkebe ni ile ile. Mimi nikiiona nashindwa hata kula. Nikimfukuza mama kama huyo, Mungu ataniuliza."

"Mzee," akasema Veronicah, na sauti yake ikatoka nyembamba, "mimi sina mtu nyuma yangu. Nina mtoto mmoja anasoma, na chumba kimoja cha kupanga. Mshahara wako ndio baba wa nyumba."

Bwana Ndegwa alitabasamu. Hakumtazama usoni, aliutazama mfuko.

Veronicah naye akauangalia. Uso ulimwaka moto. Aliona wazi kwamba lazima afanye kile alichokikimbia tangu atoke Busia, na akaona ni afadhali kuvua nguo. Lakini Were alikuwa darasani saa hiyo, amekaa kwenye dawati lililolipiwa nusu. Akafungua utepe. Akatoa mkebe, akauweka mezani mbele ya bosi wake.

Bwana Ndegwa akavaa miwani. "Vanila," akasoma. "Na si ile ndogo. Kwangu watoto wanaona hii Krismasi tu."

"Si aiskrimu, mzee."

Akafunua kifuniko. Harufu ya githeri iliyolala ikapanda, ikaenea ofisini kwa mkurugenzi, ikafika kwenye pazia. Bwana Ndegwa akainama, akachungulia. Mahindi yalimwangalia naye akayaangalia. Kisha uso wake ukang'aa.

"Aa! Jackie aliniambia unapunguza mwili!" akasema. "Hata daktari wangu ameniambia niachane na nyama, nirudi kwa hii chakula ya nyumbani. Siku hizi watu wenye pesa ndio wanakula githeri. Na bila mafuta! Hongera, mimi siwezi."

Veronicah alihisi kulia na kucheka kwa pamoja. Akaubinua mfuko, akautia chini ya pua ya mzee. "Ona hapa ndani. Hii ni pakiti ya unga. Hii ni gundi. Nimebandika mwenyewe."

Bwana Ndegwa akapapasa kwa kidole. "Kumbe wanatengeneza kwa mkono," akasema. "Ndiyo maana ni bei."

Ungefanya nini hapo? Mtu amejenga uongo miaka na miaka, tofali juu ya tofali, mpaka ukweli unakosa hata dirisha la kuingilia. Uvumilivu ukamwishia. Lile agano la kuacha ya ploti kwa ploti likaenda na maji.

"Muite Mama Kihara," akasema. "Muulize ni nani mwenye nyumba yangu!"

Mama Kihara aliitwa, akaja akijifuta mdomo kwa kiganja. Aliona mkebe wa aiskrimu mezani, akaona uso wa Veronicah, akaelewa. Bwana Ndegwa akamwambia, huku akijichekea, kwamba Veronicah amesema neno la ajabu sana, ati yeye Mama Kihara ana nyumba za kupangisha.

"Ni kweli," akasema Mama Kihara.

"Kweli nini?"

"Ziko Kabiria. Safu mbili. Huyu yuko kwa ile chumba ya karibu na tangi."

Kicheko kikamkauka Bwana Ndegwa. "Na hukusema?"

"Hukuniuliza, mzee."

"Nimekuombea wewe! Mbele ya wazee wa kanisa!"

"Asante," akasema Mama Kihara, na hakuwa na kejeli hata chembe. "Maombi hayaozi."

"Umejenga ploti kwa huu mshahara wangu?"

"Kwa mshahara wako nilinunua misumari. Shamba lilikuwa la baba."

Kutoka chini barabarani ilisikika sauti ya mtu akinadi kufuli. Veronicah alivuta pumzi. Imetoka sasa, akawaza, na ingawa alijua amevunja ahadi, ingawa pengine leo jioni angekuta kitanda chake nje ya mlango, moyo wake uliinuka. Alimtazama Bwana Ndegwa akifikiri. Ulikuwa uso wa mtu aliyeaibishwa na huruma yake mwenyewe, na mwajiri aliyeaibika hukimbilia mahali anapopajua.

"Mama Kihara," akasema hatimaye, polepole, kwa sauti ya mtu anayeona mwanga. "Mkebe mmoja. Miaka yote hiyo. Na kumbe ulikuwa na uwezo wa kununua duka la mikebe." Akavua miwani. "Unajua karatasi inapotea namna gani hapa? Unajua wino? Mimi natafuta mtu anayejua kuchunga mali, kumbe niko naye. Kompyuta mtu hufundishwa. Hii haifundishwi." Akaisogeza ile barua upande wa Veronicah, sentimita chache tu. "Naona Mungu alikuwa amenijibu vizuri. Nilikuwa sijaelewa sababu."

Hebu niambie. Dakika chache nyuma Mama Kihara alibakishwa kazini kwa sababu ni maskini, sasa anabakishwa kwa sababu si maskini. Veronicah akamgeukia mwenye nyumba wake. Hakuwa na hasira naye bado, hasira ilikuwa njiani. "Mama Kihara," akasema, "sema kitu."

Mama Kihara aliangalia sakafu. Aliingia kampuni ile Kihara akiwa bado mgongoni, na hakuwa amewahi kuacha kitu ambacho hakijatoboka. Midomo yake ilicheza mara moja, ikatulia. Ilionekana anataka kusema jambo kubwa.

"Veronicah ni mpangaji mzuri," akamwambia Bwana Ndegwa. "Hana kelele."

Basi. Ndilo neno alilopata.

Barua ya kumwachisha kazi ilikuwa imechapwa kwa usafi. Ofisi ile ilikuwa na makarani wawili tu, na Veronicah hakuwa ameichapa. Aliisoma hadi sahihi, akaikunja, akaitia kwenye mkoba wake wa bega. Alitarajia machozi, hayakuja. Ilikuja njaa. Alikuwa ametoka nyumbani alfajiri na chai kavu, saa ilikuwa imepita ile ya stoo, na githeri ilikuwa hapo mbele yake, wazi, imeshaonwa na kila aliyehitaji kuiona. Alikuwa na uchungu wa kupasuka kifua. Na alikuwa na njaa.

Akavuta kiti karibu na meza ya Bwana Ndegwa. Akatoa kijiko kutoka kwenye karatasi ya mkate. Jackie, aliyekuwa amesimama mlangoni na kalamu mkononi, akasahau kufunga mdomo. Veronicah alianza kula, na hakula kama mtu anayepunguza mwili. Alikula kwa mashavu mawili, bila kutafuna sana, akikusanya punje zilizojificha pembeni, mkono mmoja umeuzunguka mkebe kama watoto wa shule za bweni wanavyozuia sahani. Bwana Ndegwa aliyaona hayo yote. Alikuwa karibu mno kutoyaona. Akavaa miwani, akaivua. Rangi ilimtoka usoni, na kwa mara ya kwanza tangu amwajiri alimtazama Veronicah badala ya mfuko wake.

Naye Veronicah akakumbuka kwamba alilelewa na watu wenye adabu. Mtu hali chakula peke yake mbele ya wengine bila kuwakaribisha. Akameza, akainua kijiko, akausogeza mkebe katikati ya meza.

"Karibuni," akasema.

Hakuna aliyesogea.

"Asante," akasema Bwana Ndegwa. "Mimi nimeshiba."